Fulana za China, ushuru mara mbili

Swali: Shikamoo mzee. Nina duka la fulana hapa Manchester. Naagiza China, zinashukia bandari ya Felixstowe, nalipa ushuru wa asilimia 12, basi. Juzi mwenye duka mmoja wa Dublin, Ireland, ambayo imo Umoja wa Ulaya, alichukua kwangu fulana 200, na kule akadaiwa asilimia 12 nyingine. Si walisema Uingereza na Umoja wa Ulaya wamekubaliana ushuru sifuri? Mteja wangu wa Belfast, Ireland Kaskazini, mbona hadaiwi? Na nikizipitisha za Dublin kwa huyo wa Belfast, kuna ubaya?
*Mama Fulana*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Chukua fulana moja, geuza ukosi, usome lebo. Imetengenezwa China, siyo? Kesi yako inaishia hapo shingoni.

Mkataba uliofikiwa tarehe 24 Desemba 2020 unafuta ushuru kwa bidhaa zenye asili ya Uingereza au ya Umoja wa Ulaya. Fulana yako ni mgeni pande zote mbili. Kuikunja upya, kuitia mfuko mzuri au kubandika nembo ya duka lako hakuibadilishi asili. Hata kupiga pasi kumetajwa humo kwamba hakutoshi! Nilipokisoma kifungu hicho nilicheka peke yangu, maana enzi zangu za uwakala wa forodha nilikuwa na mteja ambaye angeapa kabisa kwamba pasi yake ni kiwanda.

Hadi mwisho wa 2020 ulikuwa ukilipa Felixstowe, umelipia mpaka Dublin na Lisbon. Ule ulikuwa umoja wa forodha wa Ulaya: ushuru unatozwa mara moja, katika bandari yoyote mzigo unakoingilia, kisha hakuna wa kuuliza. Nikishatoa kontena bandarini, safari ya Ireland haikuwa na tamko la forodha hata moja. Uingereza ilipotoka ilibaki na mkataba wa biashara huria, na huo hauulizi mzigo umetoka bandari gani. Unauliza umetengenezwa wapi. Waliotangaza "ushuru sifuri" waliiruka sehemu hiyo, nami sijawasamehe.

Tena angalia hesabu: ushuru wa pili haupigwi kwenye bei uliyonunulia China. Unapigwa kwenye bei uliyomuuzia mwenzio wa Dublin, faida yako ikiwemo.

Sasa Belfast. Ireland Kaskazini imo katika eneo la forodha la Uingereza, lakini kwa bidhaa inafuata kanuni za forodha za Ulaya. Ilifanywa hivyo ili mpaka wa nchi kavu na Ireland, kilomita 500 hivi, usirudishiwe vizuizi baada ya amani ya 1998 iliyomaliza machafuko ya kaskazini. Ukaguzi ukahamia kwenye bandari za Ireland Kaskazini, kwa mizigo inayovuka Bahari ya Ireland. Makubaliano ya Windsor ya 2023, kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya, yakaweka njia ya kijani kwa wafanyabiashara waliosajiliwa ambao mizigo yao inabaki kaskazini, na nyekundu kwa inayoweza kuvuka kwenda kusini. Mteja wako wa Belfast anauza palepale, ndiyo maana hadaiwi.

Hiyo hila yako naielewa: kutoka Belfast hadi Dublin lori halisimamishwi mpakani. Lakini ukitamka kijani huku unajua mzigo ni wa Dublin, hayo ni magendo, wala usiyaite jina jingine.

Njia halali zipo. Unaweza kuweka mzigo kwenye ghala la forodha kabla ya kuulipia ushuru wa Uingereza. Za Manchester unazilipia zikitoka, za Dublin zinaondoka chini ya T1, hati ya kusafirisha mzigo usiolipiwa ushuru bado, na kulipiwa kule tu. Ila ghala lina gharama zake, na kwa fulana 200 sidhani kama litakulipa. Mwombe mtengenezaji afunge katoni za Dublin peke yake na azitume moja kwa moja bandari ya Dublin. Mkubaliane kabla hajapakia kontena lijalo.