Ukiona 4.0 mbili zinalingana, kamuone kaunsela

Fomu za kuchagua masomo ya mwaka ujao zimetoka tena, na balaa ni lile lile: zinanifikia zikiwa zimeshasainiwa. "Dada, fomu nimeshajaza, nisaidie insha ya chuo." Mdogo wangu, insha itangoja. Rudisha kwanza hiyo fomu tuiangalie.

Nawaandikia nyinyi mlioingia sekondari za Texas na majimbo mengine ya Marekani mkitokea Nyarugusu, Kakuma, Bukavu, Nairobi au Bujumbura, pamoja na wazazi wenu. Kwenye GPA, yaani wastani wa alama zako zote, A ni 4, B ni 3, hilo mnalijua. Mmeshasikia pia kwamba shule nyingi huongeza nusu pointi kwa darasa la Honors (gumu kuliko la kawaida) na pointi nzima kwa AP au IB (masomo ya sekondari yenye kiwango cha chuo); wastani wenye nyongeza hizo ndio GPA yenye uzito, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na GPA inayozidi 4. Lakini kila mwaka nawaona watoto wenye akili wakijikwaa palepale walipojikwaa kaka zao, na roho inaniuma.

1. Hakuna mtihani wa mwisho utakaokuja kukuokoa. Wazazi wetu wamekulia kwenye mitihani ya taifa ya NECTA, KCSE na Exetat, ambako mtu anaweza kuzembea miaka miwili, akakaza mwaka wa mwisho, akafaulu na mambo yakaisha. Huku C uliyoipata mwaka wa 9, ambao ndio wa kwanza wa sekondari, kwa sababu hukurudisha kazi za nyumbani inakaa kwenye transkripti (karatasi ya alama zako zote) na kuvuta wastani wako chini hadi unamaliza. Tena maombi ya chuo hutumwa kabla mwaka wa 12 haujafika nusu. Kinachotumwa ni miaka ya 9, 10 na 11. Huo mwaka wa kukaza ukifika, mlango wa maombi karibu unafungwa.

2. A tupu hazitoshi. Hapa naomba mnivumilie, maana kisa hiki nimekibeba muda mrefu.

Kijana mmoja alifika kutoka Congo akiwa wa mwaka wa 9, katikati ya mwaka wa masomo. Shule ikamweka ESL, darasa la Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo, na masomo mengine yote yakawa ya kawaida. Kwa miezi ya kwanza ilikuwa sawa kabisa, Kiingereza kilikuwa bado kigumu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemhamisha. Alikuwa amesoma Kifaransa tangu shule ya msingi, wao wakampa Kispania cha kwanza. Hesabu alizokuwa akifundishwa alikuwa ameshazimaliza kwao. Kila mwaka fomu ilikuja nyumbani ikiwa na masomo yaliyokwisha kupendekezwa, na baba yake akaweka saini kwa heshima, kwa sababu kwetu shule ikisema imesema. Kijana akapata A, A, A. Nyumbani zikapigwa vigelegele, na alistahili.

Mwaka wa 12 wakaniletea transkripti. Chini kulikuwa na namba mbili: GPA isiyo na uzito 4.0, GPA yenye uzito 4.0. Nikajua hata kabla ya kufika kwenye mstari wa nafasi darasani. Namba hizo mbili zikilingana, maana yake hujawahi kukaa kwenye darasa hata moja lenye uzito. Nafasi yake ilikuwa nje ya asilimia 10 ya juu ya wanafunzi wa mwaka wake.

Kwa Texas hilo ni zito mno. Sheria ya mwaka 1997 inawapa wanafunzi walio kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lao nafasi ya moja kwa moja katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin kimebana zaidi: kilikuwa asilimia 6, na kwa wanaoingia kuanzia msimu wa vuli wa 2026 ni asilimia 5. Na shule nyingi hupanga nafasi hizo kwa GPA yenye uzito.

Baba akaniuliza, "Mwalimu, mtu amshinde vipi mtoto asiye na B hata moja?" Nikachukua kalamu. Masomo sita ya kawaida, A zote: 24 gawanya kwa 6, ni 4.0. Mwenzake ana masomo matatu ya kawaida kwa A, hizo ni 12. Ana AP tatu, amepata A moja na B mbili: 5, 4 na 4, hizo ni 13. Jumla 25, gawanya kwa 6, unapata 4.17. Baba akaifuata hesabu kwa kidole, akairudia mwenyewe mara ya pili, kisha akasema polepole, "Kwa hiyo mwenye B mbili amempita mwenye A tupu." Ndiyo, baba. Kijana hakusema neno. Aliikunja ile karatasi, akaikunja tena, mpaka haikukunjika.

Aliomba Austin kwa njia ya kuchambuliwa maombi, akakataliwa. Akaanzia chuo cha jamii (community college), akasoma vizuri sana, akahamia chuo kikuu kwa GPA ya chuo, maana kwenye uhamisho wanaangalia hiyo zaidi kuliko ya sekondari. Njia hiyo ni halali na nafuu, siidharau hata kidogo. Kinachoniuma ni kwamba hakuichagua. Fomu ndiyo iliyomchagulia.

Basi kama una Kifaransa, ulizia AP ya Kifaransa, ipo. Hesabu zikiwa nyepesi, omba kupandishwa darasa. Kujifunza Kiingereza si sababu ya kuzuiwa hesabu ngumu. Kaunsela ana mamia ya wanafunzi, asiyemwendea anasahaulika, na mkienda mwende na mzazi, hata kama hajui Kiingereza: ombeni mkalimani.

3. Sasa msije mkabeba AP sita kwa mkupuo. C ya AP ni 3, sawasawa na B ya kawaida, na D shule nyingi haziiongezei chochote. Anza na somo unaloliweza, kisha ongeza.

4. Namba ya shule yako haisafiri. Binti mmoja wa Georgia alitamba na 3.2 yenye uzito akihesabu HOPE, msaada wa ada ya chuo wa jimbo hilo, ni wake. HOPE inataka 3.0, lakini jimbo linapiga hesabu yake lenyewe: linachukua masomo ya msingi tu, yaani Kiingereza, hesabu, sayansi, maarifa ya jamii na lugha za kigeni, linaondoa uzito uliowekwa na shule, halafu linaongeza nusu pointi kwa AP na IB usipokuwa na A. A inabaki 4.0. Alama zake nzuri za sanaa na michezo hazikuingia kabisa, akajikuta chini ya 3.0. Tulimkamata mapema, mwaka wa 10, akapata muda wa kurekebisha. Vyuo vya mfumo wa UC (University of California) navyo vina hesabu yao: wanahesabu alama za kuanzia likizo ya baada ya mwaka wa 9 hadi likizo ya baada ya mwaka wa 11, na pointi za nyongeza zina kikomo cha mihula minane. Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi nina 4.6", mpongeze, kisha muulize imehesabiwa na nani.

5. Mtihani wa AP wa Mei, wenye alama 1 hadi 5, ni kitu kingine kabisa na alama ya darasa. Ada yake hupunguzwa kwa familia zenye kipato kidogo, lakini lazima uombe shuleni, na tarehe za kujiandikisha huwa za vuli, si za Mei. Matokeo ya shule uliyotoka yapelekeni yakatathminiwe mapema, kwa sababu krediti (hesabu ya masomo uliyofaulu) zisizoandikwa hazihesabiwi.

6. Wazazi, fomu ikija, msisaini usiku huo huo. Kaeni nayo siku mbili, muulize kila somo lina uzito gani na nani alilipendekeza. Mkikwama, nileteeni kabla ya saini.