Kwa mnaoanza kazi ya waini: Chablis isomeni kwenye kilima kwanza

Kila msimu hoteli za ufukweni zikianza kuajiri napata meseji zilezile, kaka nimepata kazi restaurant kubwa, nimeambiwa nitakuwa naangalia waini, nianzie wapi. Jibu langu ni moja, anzia Chablis, waini nyeupe ya Ufaransa. Wengi wanashangaa maana walitegemea niwatajie Bordeaux au Champagne, majina makubwa. Lakini Bordeaux ina zabibu za aina kibao zinachanganywa, Champagne nayo ina mambo ya gesi na sukari, mtu mpya anachanganyikiwa wiki ya kwanza tu. Chablis ni zabibu moja, mji mmoja mdogo, mto mmoja, ngazi nne, basi. Ukiielewa vizuri unakuwa umeshaelewa Wafaransa wanafikiriaje kuhusu shamba na chupa, na Burgundy nzima, lile eneo kubwa la waini ambalo Chablis imo ndani yake, inakuwa rahisi.

Jina kwanza. Tamka Shabli, ile s ya mwisho haisomwi. Les Clos, shamba lake maarufu tutakalolikuta mbele, sema Le Klo. Mgeni akikosea kutamka usimsahihishe, we litaje vizuri ukirudia oda yake, inatosha.

Sasa iko wapi. Chukua ramani ya Ufaransa, tafuta Paris, shuka kusini mashariki kama kilomita 180 hivi, mkoa wa Yonne. Kwenye makaratasi ni sehemu ya Burgundy ila imejitenga huko kaskazini peke yake, iko karibu zaidi na mashamba ya Champagne ya upande wa Aube kuliko Beaune ambako ndo moyo wa Burgundy. Hilo lishike maana linaeleza nusu ya ladha yake. Ni sehemu ya baridi, zabibu zinaiva polepole, ule ukali wa ndimu haupotei kabla hazijavunwa. Zabibu yenyewe ni Chardonnay tupu, hamna kingine. Ndo maana utakutana na mgeni anakwambia mi Chardonnay siipendi, niletee Chablis, we cheka moyoni, mletee. Anachomaanisha ni kwamba hapendi zile Chardonnay za nchi za joto zenye harufu ya siagi na vanila ya mapipa.

Mto unaopita pale unaitwa Serein, na vilima viko pande zote mbili. Hapa ndo nataka msimame kidogo. Vijana wengi wakisoma waini wanakariri maneno ya brosha, eti krispi, eti fresh, eti ina madini, halafu mgeni akiuliza kwa nini chupa hii bei yake mara tano ya ile na zote zimeandikwa Chablis anabaki anatoa macho. Jibu la hilo swali liko kwenye kilima, karibu lote.

Miaka kama milioni 150 iliyopita, zama za Jurassic, eneo lile lilikuwa chini ya bahari ya joto yenye kina kifupi. Tope la chini ya ile bahari ndo limekuja kuwa ardhi ya leo, matabaka ya chokaa na mfinyanzi yamepangana, na ndani yake kuna chaza wadogo wamegeuka mawe. Jina lao la kisayansi ni Exogyra virgula, wadogo kama ukucha, wamejikunja kama alama ya mkato, ukiokota jiwe shambani kule unaweza kuwaona wamebanana humo mamia. Udongo huo unaitwa wa Kimeriji, jina limetoka kijiji cha Kimmeridge kule pwani ya kusini ya Uingereza ambako tabaka hilohilo linaonekana kwenye majabali ya bahari. Juu yake kwenye vilele na nyanda za juu kuna tabaka jingine changa kidogo, chokaa ngumu zaidi, linaitwa la Potlandi.

Ukishapata hayo matabaka mawili, zile ngazi nne za ubora zinajipanga zenyewe, tukianza na ya chini. Petit Chablis kwa sehemu kubwa iko huko juu kwenye upepo na chokaa ngumu, waini nyepesi, ya kunywa ikiwa changa. Chablis ya kawaida iko kwenye miteremko ya Kimeriji na ndo nyingi kuliko zote. Premier Cru ni miteremko iliyokaa vizuri zaidi kwenye jua. Grand Cru ni kilima kimoja tu. Nasema kwa sehemu kubwa kwa sababu mipaka hii ilileta ugomvi mkubwa, miaka ya 1970 wakulima waligawanyika kambi mbili, upande wa William Fèvre walitaka jina Chablis libaki kwenye udongo wa Kimeriji tu, upande wa Jean Durup walisema mteremko na hali ya hewa ya pale vina uzito uleule, mashamba yapanuliwe. Waliotaka kupanua walipata mengi ya waliyotaka. Mi binafsi naona wote walikuwa na hoja, ila siku ukionja Chablis imekaa kimajimaji haina mkia, yaani ladha haibaki mdomoni, kumbuka kwamba kuna mashamba yaliingia kwenye jina hilo baadaye.

Kilima cha Grand Cru kiko kulia kwa mto, ng'ambo ya mji, kinatazama kusini magharibi hivyo kinakula jua la mchana mpaka jioni. Chote ni kama hekta 100 kati ya hekta zaidi ya 5,000 za Chablis nzima. Kimegawanywa vipande saba, na ukisimama mjini ukiwa unakitazama kuanzia kushoto kwenda kulia vinakuja hivi: Bougros, Preuses, Vaudésir, Grenouilles, Valmur, Les Clos, Blanchot. Yakariri hivyo kwa mpangilio wa kilima, usikariri kwa alfabeti, kwa sababu siku mgeni anakuuliza tofauti ya Les Clos na Blanchot utajua ni majirani, ila Blanchot imegeukia zaidi kusini mashariki, inapata jua la asubuhi, na kwa kawaida waini yake ni laini na nyepesi zaidi, wakati Les Clos ndo kipande kikubwa kuliko vyote na waini yake ina nguvu na inahitaji miaka kutulia. Utakutana pia na La Moutonne, hiyo iko katikati ya Vaudésir na Preuses, kwenye orodha rasmi ya saba haimo lakini lebo inaruhusiwa kuandika Grand Cru. Mgeni anayeijua atakupima nayo.

Premier Cru hapo ndo pana vurugu kidogo. Majina yanayoruhusiwa ni 40 ila usiogope, mengi ni vipande vidogo ambavyo mkulima anaweza kuviuza kwa jina kubwa la jirani. Kwa mfano mwenye Vaulorent anaweza kuandika Fourchaume, mwenye Forêts anaweza kuandika Montmains, mwenye Chapelot anaandika Montée de Tonnerre. Anza na upande wa mto. Fourchaume, Montée de Tonnerre na Mont de Milieu ziko kulia, upande mmoja na Grand Cru, zinajaa mdomoni zaidi. Vaillons na Montmains ziko kushoto, zinatazama kusini mashariki, zimenyooka zaidi, zina ukali msafi. Sio sheria ya Musa hiyo, mkono wa mkulima unabadilisha mengi, lakini ukiwa huna pengine pa kuanzia hapo panakubeba vizuri.

Haya, madini. Kila menyu utakuta imeandikwa waini yenye madini, na kuna wahudumu wanawaambia wageni kwamba mizizi inafyonza wale chaza wa mawe halafu ladha inapanda mpaka kwenye glasi. Acheni hiyo hadithi. Mzabibu haufyonzi jiwe, unafyonza maji na chumvichumvi kidogo sana zilizoyeyuka, na kiasi kinachofika kwenye waini ni kidogo mno ulimi kukisikia. Kuna mwanajiolojia wa Wales, Alex Maltman, ameandika sana kuhusu hili. Ile ladha tunayoita ya jiwe ni ya kweli, watu wanaisikia, ila inaelekea inatokana na ukali wa asidi, na zabibu isiyo na harufu za matunda matamu, na namna waini ilivyochachuka na kukaa na mashapo ya hamira bila hewa nyingi, na wanasayansi bado wanabishana nani kafanya nini hapo. Kazi ya udongo ni nyingine, mfinyanzi unashika maji kiangazi mzabibu usikauke, chokaa inayaachia yaliyozidi, mteremko unaleta jua. Mwambie mgeni hivyo kwa sentensi mbili tu, atakuheshimu kuliko ukimuimbia shairi la chaza.

Kuonja. Kuna wengi wenu dini haiwaruhusu kunywa na mnaogopa kwamba kazi hii sio yenu. Pua inafanya kazi kubwa sana, nimefanya kazi na watu hawajawahi kumeza tone na wanajua chupa iliyoharibika kabla mgeni hajaigusa. Mimina kidogo, zungusha, nusa, subiri, nusa tena. Kwenye Chablis changa tafuta ndimu, tufaha la kijani, halafu chini yake kuna ile harufu ya ukuta wa zamani wa Mji Mkongwe uliopakwa chokaa mvua ikiupiga, hiyohiyo, hamna haja ya kukariri matunda ya Ulaya ambayo hujawahi kuyaona. Anayeonja, baada ya kutema asikilize mate pembeni ya ulimi yanavyotoka, yakiendelea kutoka kwa muda mrefu na kuna kachumvi mwishoni uko kwenye chupa nzuri. Grand Cru ikikaa miaka kumi na zaidi inageuka, inaleta asali na karanga na nyasi kavu, ila ukali unabaki umesimama.

Bei inawasumbua wageni na itawasumbua na nyie, basi jueni habari za baridi. Machipukizi yanatoka mwezi wa nne, na kuanzia hapo mpaka katikati ya mwezi wa tano usiku mmoja tu wa kuganda unaweza kufuta mavuno. Wanawasha mishumaa mikubwa na majiko katikati ya mistari ya mizabibu usiku wa manane. Wengine wanafanya kitu ambacho ukisikia mara ya kwanza unaona ni wazimu, wanamwagia maji. Mabomba yanarusha maji juu ya machipukizi, maji yanaganda, na yanapoganda yanaachia joto kidogo, chipukizi ndani ya ile barafu linabaki kwenye sifuri halishuki zaidi. Ila maji yasikatike mpaka jua litoke na barafu ianze kuyeyuka, yakikatika katikati bora usingeanza kabisa. Pamoja na yote hayo 2016 na 2021 walipigwa vibaya, 2016 na mvua ya mawe ikaja juu yake. Kwa hiyo mavuno yakishuka bei inapanda hata kama waini haijawa bora zaidi.

Na msidhani imekuwa na mashamba mengi hivi siku zote. Karne ya 19 Yonne ilikuwa na mizabibu mingi mno, kisha akaja yule mdudu wa mizizi anaitwa filoksera, na treni zikaanza kuleta Paris waini rahisi za kusini, baadaye na vita, mpaka miaka ya 1950 Chablis ilikuwa imebaki na kama hekta 500 tu. Sheria za jina zilikuwepo tayari tangu 1938. Huko Marekani nako walikuwa wanaita Chablis waini nyeupe yoyote rahisi ya galoni, kwa hiyo mgeni mtu mzima wa Kimarekani akikunja uso ukiitaja, mpe tone aonje.

Wakulima: nusu ya kuwajua ni kujua wanatumia nini kuchachushia. Louis Michel ni matenki ya stenlesi tu, hamna mti. Raveneau na Dauvissat wanatumia mapipa yaliyokwisha tumika, harufu ya mti haionekani ila waini ina mwili, na bei zake ukiziona utakaa chini. La Chablisienne ni chama cha ushirika cha tangu 1923, kinatoa sehemu kubwa ya Chablis yote, na chupa zao kwa hoteli ya kawaida ni biashara nzuri.

Upande wa huduma, kosa ninaloliona kila mahali ni ubaridi. Chupa inakaa kwenye ndoo ya barafu saa nzima, ikifika digrii nne hakuna mtu anayesikia kitu, umeuza maji ya bei. Petit Chablis na Chablis digrii 8 mpaka 10, Premier Cru 10 mpaka 12, Grand Cru hata 13, itoe kwenye ndoo mapema na glasi iwe pana. Chakula, chaza wabichi ndo ndoa maarufu, ila pweza wa kuchoma na ndimu, kamba, au nguru wa mkaa vinakwenda vizuri sana. Mchuzi wa nazi mzito chukua Premier Cru ya upande wa kulia. Pilipili kali hapana, asidi na pilipili vinachokozana mdomoni.

Stoo za huku pwani ndo zinaua chupa. Kuna sehemu moja nilikuta makasha ya Grand Cru yamepangwa nyuma ya majiko, kizibo kimeanza kujisukuma juu kwa joto, waini ndani imepikika, rangi imeenda kahawia. Ukiripoti kazi mpya, kabla ya kusoma menyu nenda stoo, gusa chupa kwa mkono. Zikiwa na uvuguvugu mwambie meneja asiagize Grand Cru kabisa mpaka pawe na friji ya waini, hela hiyo anunue Montée de Tonnerre chache na Chablis ya kawaida nyingi, zizunguke haraka.