Salio lipo benki, kwa nini jiji likope?

SWALI: Mimi ni diwani na mjumbe wa kamati ya fedha. Mwezi ujao tunafunga mwaka wa fedha. Taarifa ya mweka hazina inaonyesha akaunti ya maendeleo ina salio la milioni 310. Papo hapo tumeletewa pendekezo la kukopa milioni 600 kwa riba ya asilimia 12, kwa miaka 10, tujenge mifereji ya maji ya mvua na kuweka lami upya. Tunakopaje ilhali fedha ipo? Na ikibidi kukopa, tupime kwa kigezo gani?

JIBU: Mheshimiwa, fedha iliyomo benki na fedha ambayo baraza lina uhuru wa kuipangia ni vitu viwili tofauti. Mwombe mweka hazina alichambue salio hilo mstari kwa mstari kabla ya kikao. Tuseme mchanganuo unakuja hivi: milioni 95 ni hati za madai za wakandarasi ambazo mhandisi ameshaziidhinisha, bado kulipwa tu. Milioni 60 ni makato yanayoshikiliwa mpaka kipindi cha kuangalia kasoro kiishe. Hiyo ni fedha ya wakandarasi, ninyi mmeitunza tu. Milioni 85 ni ruzuku iliyoletwa kwa kazi maalumu, na hamwezi kuihamishia kwenye mifereji. Milioni 40 imeshafungwa na hati za ununuzi wa vifaa ambavyo havijafika. Ondoa zote, inabaki milioni 30. Hiyo ndiyo bakaa huru.

Uliza pia kama 310 imetoka kwenye taarifa ya benki au kwenye daftari la fedha baada ya usuluhisho, yaani kulilinganisha na taarifa ya benki. Hundi zilizoandikwa lakini hazijapelekwa benki hulinenepesha salio la benki, na mwezi wa mwisho huwa nyingi kwa sababu kila idara inakimbizana na tarehe.

Hapo ndipo ajali nyingi za kufunga mwaka hutokea. Idara ikiogopa kunyang'anywa fedha ya kifungu chake cha bajeti mwaka ukiisha, humlipa mkandarasi kazi ambayo bado haijafanyika, au huagiza vifaa wiki ya mwisho bila kukagua. Ukishamlipa mtu kabla ya kazi, umeachia kamba. Mfereji ukija na zege bovu huna cha kuzuia. Dawa ni kuweka tarehe ya mwisho ya kutoa hati za ununuzi, angalau wiki sita kabla ya mwaka kwisha, na kupeleka barazani orodha ya miradi ambayo fedha yake itavushwa mwaka unaofuata. Orodha itaje mkataba, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichobaki na tarehe ya kumaliza. Kifungu kisicho na mkataba kisivushwe kwa mazoea. Kirudi kikapimwe upya pamoja na mahitaji mengine.

Sasa mkopo. Kukopa kwa ajili ya mfereji si kosa. Mfereji wa zege uliojengwa vizuri na kusafishwa hupita miaka 30, kwa hiyo ni haki watakaoutumia miaka ijayo nao wauchangie. Kosa ni kukopea mishahara, mafuta au matengenezo ya kila mwaka, maana deni litabaki wakati kitu chenyewe kimeshaliwa.

Kosa la pili, ambalo naliona zito zaidi, ni kupima mkopo kwa gharama ya mradi. Mkopo hupimwa kwa ziada mnayobaki nayo katika mwaka mbaya. Kwa riba ya asilimia 12 na miaka 10, mkilipa kiasi kilekile kila mwaka, kila milioni 100 inadai marejesho ya takribani milioni 17.7 kwa mwaka. Milioni 600 inadai 106.2. Sasa chukua mapato ya ndani yaliyokusanywa kweli, wastani wa miaka mitatu. Makisio yaache pembeni, kwa kuwa huandikwa kwa matumaini. Tuseme wastani ni milioni 1,500 na matumizi yasiyokwepeka ni 1,290. Ziada ni 210, na mkopo unaonekana mwepesi. Punguza makusanyo kwa asilimia 10 tu: yanakuwa 1,350, ziada inashuka hadi 60. Marejesho ya 106.2 hayalipiki bila kugusa mishahara au uzoaji taka. Kinachobebeka hapo ni mkopo wa kama milioni 330, wenye marejesho ya 58.4.

Kwa hiyo ningelirudisha pendekezo hilo ligawanywe, mifereji ianze. Hilo ni suala la uhandisi pia. Barabara isiyo na mfereji hutuamisha maji. Maji hupenya kwenye nyufa, tabaka la chini linalainika, gari zito likipita linabonyea, na lami mpya inamenyeka misimu michache tu baadaye huku deni lake likiendelea kulipwa.

Kwenye mkataba wa mkopo, soma kwa makini jinsi fedha inavyotolewa. Mkichukua milioni 600 zote kwa mkupuo, riba ni milioni 6 kwa mwezi tangu siku ya kwanza, hata kama zabuni haijatangazwa. Ombeni itolewe kwa awamu kufuata hati za madai, na mlinganishe na ada inayotozwa kwa kiasi ambacho hakijachukuliwa. Kipindi cha neema, yaani muda wa mwanzo ambao hamjaanza kurejesha, nacho hudanganya: riba ya mwaka mmoja ikiongezwa kwenye deni badala ya kulipwa, 600 inakuwa 672 kabla hamjarejesha hata senti. Mkopo wa fedha za kigeni uepukeni, kwa kuwa ushuru na kodi zenu hazikusanywi kwa fedha hizo.

Mkiridhia, azimio la baraza litaje kiasi cha juu kabisa, riba, muda, kazi zenyewe kwa majina ya barabara na mifereji, na kifungu cha marejesho ambacho hakihamishiki. Bajeti ya mwaka unaofuata iwe tayari na mistari miwili mipya: marejesho, na usafishaji wa mifereji kabla ya mvua.