Miungu ya Kirumi au miungu wa Kirumi?

Msomaji mmoja kaniandikia, anasema alienda Tunis akatembelea makumbusho ya Bardo, sasa anataka kupost picha za zile mozaiki za sakafu zilizotolewa kwenye nyumba za Warumi, zile zenye visa vya miungu yao ya kale, ila kakwama kwenye maelezo: aandike "miungu ya Kirumi imechorwa" au "miungu wa Kirumi wamechorwa"? Na kuchora lenyewe linafaa kweli, maana pale hakuna brashi, ni vijiwe tupu?

Andika "miungu wa Kirumi wamechorwa". Umbo la mungu/miungu ni kama la mti/miti, hilo ndo linalotupoteza, lakini nomino ikitaja mwenye uhai na akili inafuata A-WA hata kama umbo lake ni la m-/mi-. Angalia mtume/mitume, hakuna anayesema "mitume ya Yesu ilikuwa 12", tunasema mitume wa Yesu walikuwa 12.

Najua wengi mtanirudishia Kutoka 20:3, "Usiwe na miungu mingine ila mimi", tumekua nayo hiyo na masikio yameshaizoea, ndo maana hata mimi hapo juu nimeandika "miungu yao" na hamkushtuka. Siiti kosa. Ila kwangu mimi i- inakaa vizuri zaidi pale unapozungumzia kitu kinachoabudiwa tu, kama sanamu, sasa kwenye mozaiki hawa miungu ni wahusika kabisa, wanatenda. Chukua ile iliyotoka kwenye nyumba moja ya Dougga, mji wa kale wa Kirumi huko Tunisia, iliyopo hapohapo Bardo: Dionisio, mungu wa divai, yuko kwenye chombo baharini, maharamia waliotaka kumteka wanatupwa majini na wanaanza kugeuka pomboo, yaani mwingine bado ana miguu ya mtu na kichwa tayari cha pomboo. Ukisema mungu "umewageuza" umeshaua kisa chote.

Nyumba hiyohiyo ya Dougga ilikuwa pia na mozaiki ya Ulise, shujaa wa hadithi za Wagiriki, amefungwa kwenye mlingoti wa jahazi lake ili asiufuate wimbo wa wale wanawake watatu wenye miguu ya ndege walio pembeni. Ukiwaita viumbe basi sema "viumbe hawa wanaimba", sio "hivi vinaimba", kiumbe naye ni A-WA. Lakini ukirudi kuongelea kazi yenyewe, mozaiki ni I-ZI: mozaiki hii imebanduka pembeni, Ulise hajabanduka popote. Usichanganye mhusika na picha yake ndani ya sentensi moja.

Kuhusu miungu wanawake kuna mtego ambao watu hawauoni. Umoja ni "mungu mke", sawa, Biblia nayo inamwita Artemi hivyo, lakini wingi ukiandika "miungu wake" msomaji ataelewa ni miungu ya fulani! Kwa hiyo kwenye mozaiki ya Virgil, mshairi wa Kirumi, iliyopatikana Sousse, Tunisia, ambapo kakaa katikati ya Klio na Melpomene, miungu wa sanaa, andika "miungu wa kike wawili", hapo hakuna utata.

Kuchora mimi nalikubali, maana kazi inaanza na mchoro na picha ndo inayotokea mwishoni, ila nikieleza ufundi wenyewe nasema vijiwe "vimepangwa" au sakafu "imenakshiwa kwa vijiwe". Usiite sakafu ya marumaru tafadhali, hata kama baadhi ya vijiwe ni marumaru kweli (vingine ni mawe ya chokaa, vingine vioo), kwa sababu Tanzania mtu akisikia marumaru anaona zile za kununua dukani kwa boksi.

Na visa vyenyewe, kisa cha mungu kama Dionisio ni kisasili, cha shujaa kama Ulise kinakaa karibu zaidi na mighani, kama tunavyoweka Fumo Liyongo wetu. Ukitaka neno moja la kubeba vyote, "hadithi za kale" linatosha.

Mimi ningepost hivi: "Sakafu ya nyumba ya Kirumi, Dougga. Dionisio anawageuza maharamia kuwa pomboo. Mozaiki hii sasa iko Bardo, Tunis."