Maswali ya Wasomaji: Kitanda, Mkopo na Siku za Kwanza za Chuo

Tangu vyuo vikuu vilipoanza kutangaza majina ya waliochaguliwa, barua nyingi zinazofika katika safu hii zinahusu jambo moja, nalo ni maandalizi ya kijana anayekwenda kuanza mwaka wa kwanza, hasa atalala wapi na atakula nini kabla mambo hayajakaa sawa. Tumechagua tano.

Mazao niyauze sasa au nisubiri mkopo?

*Ndugu Mhariri, kijana wangu amechaguliwa kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliomba mkopo, lakini katika awamu ya kwanza jina lake halikutoka, na wenzake wanamwambia avute subira. Nina magunia ya mahindi ghalani ambayo nilikusudia kuyauza mwezi wa pili, bei ikiwa imepanda. Je, niyauze sasa, au aende na nauli, mkopo umkute huko huko? – Mzazi, Namtumbo.*

Shikamoo mzee wetu. Uza sehemu, usiuze yote, na kwa vyovyote vile usimpeleke kijana Dar es Salaam akiwa na nauli peke yake. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hupanga mikopo kwa awamu, kwa hiyo kukosa katika awamu ya kwanza si kunyimwa. Kijana aendelee kufungua akaunti yake katika mfumo wa Bodi, ile inayoitwa SIPA, maana taarifa za kila mwombaji huwekwa humo, na asitegemee orodha zinazosambazwa katika makundi ya simu. Katika akaunti hiyo ahakikishe pia kwamba hakuna kilichokwamisha maombi yenyewe, kama vile cheti cha kuzaliwa ambacho hakijahakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, au fomu iliyokosa saini ya mdhamini. Awamu zikimalizika hufunguliwa dirisha la rufaa, na hapo ndipo vielelezo vya hali halisi ya familia vinapohitajika, navyo ni rahisi kuvipata akiwa bado yuko nyumbani kuliko akiwa Dar es Salaam.

Lakini hata jina lake likitoka kesho, fedha haimfikii siku hiyo hiyo. Sehemu ya ada hupelekwa chuoni moja kwa moja. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, hutolewa kwa mafungu, na mwanafunzi huipata akiwa tayari amesajiliwa chuoni na amethibitisha malipo yake. Kiwango chake kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na kwa anayekipata chote kinamtosha kuishi kwa kujibana. Shida iko katika zile wiki za kati, ambapo mwanafunzi amekwisha kuripoti, foleni za usajili ni ndefu, na akaunti yake ya benki bado haina kitu. Wengi wanaolala na njaa mwezi wa kwanza wana mikopo kamili. Hawakuwa na cha kushikia wakati wanaisubiri.

Kwa hiyo piga hesabu ya siku 60. Akila kwa shilingi 5,000 kwa siku, kwa mama lishe au katika kantini ya chuo, hizo ni shilingi 300,000 za chakula pekee. Juu yake weka nauli, malipo ya hosteli, bima ya afya, ambayo kwa mwanafunzi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa muda mrefu, na sehemu ya ada ambayo chuo hudai wakati wa usajili. Kiasi halisi cha kila kimoja kimeandikwa katika maelekezo ya kujiunga, na vyuo vingi hukubali ada ilipwe kwa mihula. Uza mahindi ya kutosha kufikia jumla hiyo na ubakize mengine ghalani kama ulivyokusudia, kwa sababu mwezi wa pili unaousubiri ndio unaokaribiana na malipo ya muhula wa pili. Mkopo ukitoka kabla ya hapo, utakuwa na akiba. Usipotoka, hutalazimika kuuza gunia la mwisho kwa bei ya kutupa huku kijana anapiga simu usiku.

Jambo moja la kukazia: malipo ya chuo cha umma hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotoka katika akaunti ya mwanafunzi mwenyewe kwenye mfumo wa chuo. Mtu yeyote akikupigia na kukutaka utume ada kwa namba yake ya simu ili “akuwekee nafasi”, huyo ni mwizi, hata akilitaja jina la mwanao na kozi aliyochaguliwa.

Dalali ametutumia picha za chumba

*Mimi na rafiki zangu wawili tunakwenda Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tumesikia kwamba hosteli hazitoshi, tena waliopangiwa Mabibo wanakaa mbali. Dalali mmoja ametutumia picha za chumba kizuri Changanyikeni na anataka tumlipe kodi ya mwezi mmoja ili akishikilie hadi tufike. Sisi bado tupo Kahama. Tufanyeje? – Binti, Kahama.*

Msimlipe. Nalisema hili kwanza ili lisipotee katikati ya maelezo mengine. Huwezi kujua kama chumba cha kwenye picha kiko Changanyikeni, kama ni cha huyo anayejiita mwenye nyumba, au kama hakijalipiwa tayari na wasichana wengine watatu kutoka Bukoba.

Kuhusu hosteli, ni kweli kwamba hazitoshi. Mabweni yaliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo yanajulikana kama hosteli za Magufuli, yana majengo 20 na yalijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840, jambo lililoleta nafuu kubwa, ila chuo chenyewe kina makumi ya maelfu ya wanafunzi. Hata hivyo ushauri wangu ni kwamba kila mmoja wenu aombe nafasi ya hosteli kwa tarehe iliyopangwa, na akipangiwa Mabibo aikubali. Naona Mabibo inasemwa vibaya kupita inavyostahili. Iko nje ya eneo la chuo, na utalazimika kuamka mapema ili usikose kipindi cha asubuhi, lakini unalala mahali penye uzio na mlinzi, pamoja na wenzako wanaosoma, kwa malipo ambayo mtaani hayakupi hata chumba cha uani. Mwaka wa kwanza, kabla hujaujua mji, hilo lina thamani kuliko vigae vya kwenye picha.

Mkikosa kabisa, pangeni, lakini kwa utaratibu. Ndugu au mtu mzima mnayemwamini aliyeko Dar es Salaam aende akakione chumba, na asipokuwepo, fikeni siku chache kabla ya usajili, mfikie kwa jamaa, mkatafute wenyewe Changanyikeni, Msewe au Makongo. Mjue mapema kwamba wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja juu yake. Ndiyo maana chumba kinachotajwa kuwa cha shilingi 100,000 kwa mwezi kinahitaji 700,000 mkononi siku ya kwanza, kabla hujanunua hata ndoo.

Mkifika chumbani, ulizeni habari ya luku, yaani umeme wa kulipia kabla. Nyumba nyingi za kupanga zina mita moja kwa vyumba vyote, na umeme unachangwa kwa vichwa au kwa vyumba, kwa hiyo mpangaji mwenye friji na pasi analipa sawa na ninyi wenye taa moja na chaja ya simu. Kama kuna mita ndogo ya kila chumba, andikeni namba inayosomeka mbele ya mwenye nyumba. Fungueni bomba na mwaulize majirani, si dalali, maji hutoka siku zipi, maana kama hayatoki mtayanunua kwa madumu kila wiki. Ombeni kuonana na mwenye nyumba mwenyewe, mwandikishiane mkataba wenye majina ya wote watatu, na nakala moja ibaki kwenu. Kisha mjitambulishe kwa mjumbe wa eneo hilo. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wa nyumbani itawasaidia hapo, na ni vizuri kuja nayo.

Mtasikia pia habari ya kubebana, yaani mwenye kitanda hosteli kumlaza mwenzake asiyepangiwa. Wapo waliomaliza shahada zao kwa njia hiyo, na sitawalaumu. Hata hivyo ni kinyume cha kanuni za hosteli, na mkaguzi akipita, mwenye kitanda naye yuko hatarini kukipoteza. Mtu akikubeba siku chache unapotafuta chumba, mshukuru, mchangie chakula, na uendelee kutafuta.

Nibebe nini?

*Mwenzangu ananiambia vitu vyote vinapatikana mjini, baba anataka nibebe hadi godoro. Nani yuko sahihi? – Mwaka wa Kwanza mtarajiwa, Tandahimba.*

Mwenzako, kwa sehemu kubwa. Kama maelekezo ya kujiunga yanasema ulete godoro, linunue ukishafika na kukiona kitanda, kwa kuwa vitanda vya dabodeka, yaani vya ghorofa, ni vyembamba na godoro la nyumbani huning'inia pembeni. Chandarua kiwe cha pembe nne chenye vitanzi, kinachofungika kwenye vyuma vya kitanda, kwani kile cha duara kinahitaji dari ambayo aliyelala chini hana. Kutoka nyumbani chukua shuka, kufuli imara, dawa unazotumia na nguo za kutosha, basi. Jiko la gesi na la umeme yaache, hosteli nyingi zimeyapiga marufuku na hunyang'anywa.

Mzigo usiopaswa kuwekwa kwenye buti la basi ni bahasha ya nyaraka: vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa au namba yake (ya NIDA), picha ndogo, stakabadhi za malipo, na fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na kugongwa muhuri na daktari. Fomu hiyo ndiyo inayowarudisha wengi nyuma ya foleni, kwa sababu waliiacha wakidhani wangeijaza huko huko.

Nimsindikize binti yangu?

*Mwanangu wa pekee anakwenda Chuo Kikuu cha Dodoma. Hajawahi kulala na watu asiowajua, maana shule alisoma ya kutwa. Nataka nikae naye wiki nzima gesti mpaka azoee. Baba yake anasema ninamdekeza. – Mama, Tanga.*

Mama, msindikize, ila usikae wiki. Siku mbili zinatosha. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimetawanyika juu ya vilima, na kolegi moja iko mbali na nyingine, kwa hiyo mgeni mwenye masanduku anayeshuka bila kujua jina la kolegi yake anaweza kuzunguka nusu siku juani. Hapo una kazi ya maana ya kufanya. Hakikisheni mnafika mchana, mwone anasajiliwa, mwone anakabidhiwa ufunguo, ujue jina la msimamizi wa jengo, kisha urudi Tanga. Ukibaki, wenzake watafahamiana jioni za mwanzo wakati yeye yuko gesti na mama yake, na atarudi chumbani akiwa mgeni wa wote.

Kuhusu kuishi na asiowajua, mwambie azungumze mapema, kabla jambo halijawa kero. Kama huamka alfajiri kuswali, awaambie wenzake usiku wa kwanza na simu yake iite kwa mtetemo. Kama hapendi kuazimana nguo, aseme. Taa izimwe saa ngapi, wageni waje hadi saa ngapi, nani anadeki siku gani: mambo haya yakisemwa wakati watu bado wana adabu ya ugeni, hukubalika. Wenzake waliopitia mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria watakuwa wameyazoea, na yeye atajifunza kwao upesi kuliko unavyodhani. Fedha mtumie kila baada ya wiki mbili badala ya kumkabidhi zote kwa pamoja, si kwa kutomwamini, ila chumba kikishajua nani ana fedha, mikopo midogo midogo haiishi.

Natembea kwa magongo

*Nimechaguliwa chuo nilichokitaka, lakini naogopa kupangiwa chumba cha ghorofa ya tatu. Je, nikifika nitasikilizwa? – Kijana, Kasulu.*

Usisubiri kufika. Vyumba vingi hugawiwa kwa mfumo wa kompyuta, ambao haujui kuhusu magongo yako kama hukuijaza sehemu ya mahitaji maalumu katika maombi. Kama uliiacha wazi, andika barua wiki hii kwa Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ambatanisha maelezo ya daktari, na useme unachohitaji kwa uwazi: chumba cha chini, karibu na choo, katika jengo ambalo umbali wake hadi madarasa unaweza kuumudu. Piga simu kuuliza kama barua imepokelewa, na uandike jina la aliyekujibu. Ulemavu ni miongoni mwa mambo ambayo Bodi ya Mikopo huyazingatia katika kupanga mikopo, hivyo nakala ya maelezo hayo ya daktari uiweke pia katika maombi yako ya mkopo au ya rufaa. Fika siku ya kwanza ya kuripoti, kabla vyumba vya chini havijachukuliwa na wengine, na uombe kuonyeshwa chumba chenyewe, mlango wake na choo chake, kabla mzigo wako haujashushwa.