Igizo la vijana kijijini: likatizeni kabla ya suluhisho

Mkuu, umeuliza mfanyeje ili wazazi wa Bahi wasinyanyuke na kuondoka pale igizo la vijana wenu litakapogusa mapenzi na sonona. Kikundi chetu kipo Chamwino, nakujibu kwa niliyoyaona.

Igizo lisimalizike. Vikundi vingi humleta muuguzi mwishoni atoe nasaha, watu wapige makofi, waondoke. Hapo mjadala umekufa. Sisi tunakata penye uchungu: binti wa kidato cha pili hajaziona siku zake, hapati usingizi, hali chakula, mama anamwita mvivu, na baba ndiyo anaingia kutoka kilabuni. Mwezeshaji anawageukia watazamaji: nani aje akae mahali pa mama? Siku moja alisimama bibi, akamkalisha binti na kumuuliza amekula lini. Nani kampa mimba, hakuuliza kabisa. Baada yake kijana wa kiume akasema hata yeye hapati usingizi tangu ng'ombe wao wafe kwa ukame, ila mwanaume nani amuulize? Wazee walibaki wakijadili mpaka jua linazama.

Mkiambiwa mmeleta uzungu, ni kweli Augusto Boal wa Brazil aliikuza njia hii miaka ya 1970. Lakini akina Penina Muhando na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya sanaa shirikishi vijijini kwetu miaka ya 1980, na mradi wa Tuseme wa 1996 ukawapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuigiza yanayowasumbua. Tena anzeni na muheme, ngoma ya Wagogo. Kina mama wakishapiga ngoma, onyesho ni lao.

Neno "afya ya akili" msilitangulize. Hapa Dodoma mzazi akilisikia anawaza geti la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na watoto shuleni hutukanana kwa jina hilo. Onyesheni dalili tu, wataitaja wenyewe.

Kuna atakayesema binti keshaharibikiwa. Mwambieni tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu waliojifungua kurudi shule za kawaida.

La mwisho, na hili nalisisitiza kwa moyo wote: asiigize mtu kisa chake mwenyewe, na msipande jukwaani bila muuguzi wa zahanati na afisa ustawi wa jamii kuwepo. Watoto huja kusema baada ya onyesho, pembeni. Asiyeweza kusema pale apewe namba 116, simu ya msaada kwa watoto, kupiga ni bure.