Uzamili wa Saikolojia ya Elimu na Ushauri Nasaha: Maswali Yenu

SWALI: Wahariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari, shahada yangu ya kwanza ni ya ualimu. Nataka kusoma uzamili ili niwasaidie wanafunzi wenye msongo wa mawazo, na wale ambao hata ukiwafundisha vipi hawashiki. Nimekuta kozi za saikolojia ya elimu, saikolojia ya shule, ushauri wa shule na ushauri nasaha. Nichague ipi?

JIBU: Mwalimu, swali lako limebeba kazi mbili, ndiyo maana majina haya yanakuchanganya. Mwenye msongo anahitaji mtu wa kuketi naye, wiki baada ya wiki. Asiyeshika masomo anahitaji kwanza mtu wa kumpima, ijulikane kikwazo kiko wapi: ni kusoma maneno, kumbukumbu, usikivu, au ni njaa na usingizi. Kazi hizo mbili zina mafunzo tofauti na mara nyingi leseni tofauti.

Saikolojia ya elimu, kwa jinsi vyuo vingi vya Marekani vinavyoifundisha, ni taaluma ya utafiti. Utasoma jinsi watu wanavyojifunza, kinachowatia hamasa, jinsi mtihani unavyotungwa na kuhakikiwa. Wahitimu wake hufanya kazi vyuoni, kwenye mitihani na kwenye mitaala. Ni taaluma nzuri sana, ila peke yake haikupi ruhusa ya kumpima mtoto wala kuendesha vikao. Wapo wanaogundua hivyo mwaka wa pili, wakisubiri kupangiwa shule ya mafunzo kwa vitendo, kumbe kozi yao haina mafunzo hayo kabisa.

Saikolojia ya shule ndiyo yenye upimaji: uwezo wa akili, kusoma, hesabu, tabia. Baada ya kupima unaandika ripoti, kisha unakaa na walimu na wazazi kupanga msaada. Ushauri wa shule ni vikao vya mmojammoja na vya vikundi, mwongozo wa masomo na kazi, na kushughulikia dharura kama mwanafunzi anayezungumzia kujiua. Ushauri nasaha wa afya ya akili unafanana na huo, lakini wahitimu wake hufanya kazi zaidi katika kliniki na vituo vya jamii.

Ukivuka mpaka majina hubadilika. Nchini Uingereza, mwanasaikolojia wa elimu ndiye huyohuyo anayepima watoto. Jina hilo linalindwa kisheria, hulitumii bila kusajiliwa na HCPC, chombo kinachosajili wataalamu wa afya huko, na njia ya kawaida ya kulifikia huko England ni uzamivu wa miaka 3. Afrika Kusini jina ni hilohilo, ila linapatikana kwa uzamili wenye mafunzo ya darasani na miezi 12 ya mafunzo kazini, kisha usajili wa HPCSA, chombo cha namna hiyo cha huko.

Kwa hiyo anzia mwisho. Amua utafanyia kazi wapi, tafuta chombo kinachosajili watu wa kazi hiyo mahali hapo, chukua masharti yake, uyaweke kando ya orodha ya kozi za chuo. Sharti lisilo na kozi ya kulitimiza ni deni utakalolipa baadaye, na wakati mwingine halilipiki bila kuanza upya. Kwa jinsi ulivyojieleza, tungekuelekeza kwenye ushauri wa shule ikiwa moyo wako uko kwenye vikao, na saikolojia ya shule ikiwa hao wasioshika masomo ndio wanaokunyima usingizi.

SWALI: Nimepata nafasi ya uzamili wa ushauri nasaha kwa njia ya mtandao. Nimeajiriwa kutwa. Je, shahada ya mtandaoni inaheshimiwa?

JIBU: Mihadhara ya mtandaoni haina tatizo, maadamu kozi ina ithibati ya chombo kinachotambuliwa na wanaotoa leseni. Panapowaangusha watu ni kwenye saa za vitendo, kwa sababu hizo hazifanyiki kwenye skrini ya chuo.

Chukua viwango vya CACREP, chombo kinachotoa ithibati kwa kozi za ushauri nasaha Marekani. Mwanafunzi hupitia mafunzo ya awali ya saa zisizopungua 100, ambazo 40 ni za kukaa na wateja ana kwa ana. Kisha mafunzo makuu ya saa 600, ambazo 240 ni za ana kwa ana. Wa saikolojia ya shule, kwa viwango vya NASP, chama chao cha Marekani, wana saa 1,200 za mafunzo makuu, na angalau 600 lazima ziwe ndani ya shule.

Sasa piga hesabu. Saa 600 kwa wiki 30 ni saa 20 kila wiki, na kati ya hizo 8 uwe umeketi na mtu. Mtu aliyeajiriwa kutwa hudhani atazifanya jioni. Jioni shule zimefungwa! Zungumza na mwajiri wako kabla ya kulipa ada ya kwanza, siyo muhula wa mwisho.

Saa zenyewe huvuja. Ukiketi chumbani na mwanafunzi kwa dakika 45 mkizungumza shida yake, hiyo ni ana kwa ana. Kuandika kumbukumbu za kikao kunahesabika katika zile 600, si katika zile 240. Kusimamia chumba cha mtihani kwa kuwa mwalimu hayupo hakukufundishi ushauri na hakustahili kuingia kwenye daftari, na shule zenye upungufu wa watu huwapa wanagenzi kazi za namna hiyo bila nia mbaya. Mkubaliane kwa maandishi tangu siku ya kwanza utafanya nini. Daftari la saa lisainiwe kila wiki. Msimamizi akihama kazi mwezi wa tano, saa zisizosainiwa utazitafutia shahidi usimpate.

Kabla ya kukubali nafasi, kiulize chuo: nani anatafuta kituo cha mafunzo, chuo au mimi? Msimamizi awe na sifa gani? Kituo kikijitoa katikati, mtafanya nini? Je, ninaruhusiwa kurekodi vikao kwa idhini ya mteja na mzazi wake? Wakijibu kwa mafumbo, tafuta pengine.

Hilo la kurekodi si la pembeni, maana ndipo mtu anapojifunza kazi. Mwanafunzi anasema: "Nikiingia darasani tumbo linaniuma." Mwanagenzi anajibu: "Umekunywa dawa?" Msimamizi husimamisha rekodi hapohapo. Jibu lile lilikuwa la huruma, lakini limelifunga neno "darasani" ambalo ndilo mwanafunzi aliloleta. Angesema, "Kumbe linaanza ukivuka mlango wa darasa," na kunyamaza kidogo, mtoto angeendelea mwenyewe. Somo la namna hii halipatikani kwa kusoma vitabu, na kituo kisicho na msimamizi wa kukusikiliza hivyo kitakupa saa bila ujuzi.

SWALI: Shahada yangu ni ya biashara. Sijawahi kusoma saikolojia wala sipendi hesabu. Nina nafasi?

JIBU: Unayo. Kozi nyingi za ushauri nasaha Marekani hupokea shahada yoyote ya kwanza, ingawa baadhi hudai uwe na masomo machache ya msingi: utangulizi wa saikolojia, ukuaji wa binadamu, takwimu. Unaweza kuyasoma moja moja kabla ya kuomba. Kwa uzamivu wa Uingereza mlango ni mwembamba zaidi: lazima uwe na shahada ya saikolojia inayotambuliwa na chama cha wanasaikolojia cha huko, BPS, au usome kwanza kozi ya kubadili fani, na uwe umefanya kazi na watoto.

Takwimu usizikimbie. Vipimo vingi vya uwezo wa akili vimepangwa wastani uwe 100, na theluthi mbili hivi ya watoto wapate kati ya 85 na 115. Mama akiona 85 kwenye ripoti ya mwanawe atadhani ni asilimia 85, afurahi. Mwalimu atadhani mtoto ni mzito, amwache nyuma. Wewe ndiye wa kuwaeleza kwamba takriban watoto 16 kati ya 100 hupata chini ya hapo, kwamba kipimo kina kosa lake hivyo alama isomwe kama eneo na si nukta, na kwamba kipimo kilichosanifiwa kwa watoto wa lugha nyingine kinaweza kupima lugha kuliko akili. Asiyeelewa takwimu atabandika jina kwa mtoto, na jina hilo litamfuata hadi anamaliza shule.

SWALI: Niliugua sonona nikiwa chuoni na mshauri mmoja alinisaidia sana. Ndiyo sababu yangu ya kuomba. Niiandike kwenye barua ya maombi au nifiche?

JIBU: Pole, na tunafurahi ulipata mtu. Kuficha si dhambi, kutaja si kosa; kipimo ni nafasi unayoipa. Wanaochagua wanatafuta mtu anayeweza kubeba habari za wengine bila zake kummwagikia mteja. Barua yenye aya tano za ugonjwa na moja ya kazi huwatia hofu. Sentensi moja au mbili zatosha, kisha ingia kwenye ushahidi: umefanya nini na watu, kwa muda gani, umejifunza nini ulichokuwa hukijui. "Napenda kusaidia watu" limeandikwa na waombaji wote, kwa hiyo halikutofautishi na yeyote. "Kwa miaka 2 nimeongoza kikundi cha wasichana 12 kila Jumatano, na wanne waliacha kuja kwa sababu nilizungumza kuliko wao" linawafanya wakuite kwenye usaili.

Usaili wenyewe huwa na igizo: unapewa mtu wa kuzungumza naye dakika kumi. Wengi hukimbilia kutoa mawaidha. Sikiliza.

SWALI: Niende uzamivu moja kwa moja au nianze na uzamili?

JIBU: Ukitaka vikao na wateja, katika nchi nyingi uzamili hutosha. Ukitaka kufundisha chuoni na kutafiti, nenda uzamivu, tena Marekani mara nyingi uzamivu huja na msamaha wa ada na posho kwa kazi ya usaidizi wa utafiti, ilhali wa uzamili mara nyingi hujilipia. Ila uzamivu unaombwa kwa mtu, si kwa chuo: tafuta mhadhiri anayetafiti jambo lako, soma maandiko yake mawili matatu, mwandikie kifupi ukiuliza kama anapokea wanafunzi mwaka ujao.